Khamala na Moto wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikaratusi ya marehemu Naftaly, Khamala fundi wa mbao alitoka chumbani mwake na kigae cha chungu mkononi, akavuka uwanja, akabisha mlango wa jikoni kwa Wakarima kuomba moto.

"Hodi, Mama Gathoni."

"Karibu, Fundi. Umezimikiwa tena?"

"Umezima wenyewe."

Wakarima alichota makaa kwa koleo, akayaweka juu ya kigae, na Khamala akasimama pale mlangoni kuyapuliza kwa muda mrefu kuliko makaa yenyewe yalivyotaka. Huku akipuliza waliulizana habari za mvua, habari za mgongo, habari za Gathoni, binti wa mama huyo aliyeolewa Limuru. Kisha Khamala alirudi kwake, akawasha jiko, akachemsha chai ya mtu mmoja. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipopanga chumba kwenye ploti ile ya Kawangware 46, na hakuna jirani aliyeona ajabu, maana watu huazimana moto kama wanavyoazimana chumvi. Ajabu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti la Khamala. Humo mlikuwa na kiberiti. Kiberiti kizima, kikavu, njiti zimejaa mpaka hazitikisiki. Kilipozeeka alinunua kingine, nacho hakukiwasha. Siku moja ya mvua kubwa Wakarima alilianika koti hilo kando ya mafiga yake, na Khamala alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika pumzi mpaka liliporudi mikononi mwake. Mama alimpa koti, akampa na makaa.

Khamala alikuwa mtu wa upande wa Kimilili, mrefu, mwembamba, bakhili wa maneno. Alikuja Nairobi enzi za mkoloni akiwa kijana, akafundishwa kazi na seremala mmoja Mhindi, na baada ya uhuru akajitegemea akitengeneza vitanda, makabati na, siku zilipokuwa mbaya, majeneza. Mkewe alifariki mapema kule nyumbani, kabla hawajapata mtoto, na tangu hapo Khamala alizungumza na mbao zaidi kuliko na watu. Mbao nazo zilimsikia. Randa yake ilikuwa kali hivi kwamba siku moja alipiga chafya akiwa analainisha meza ya kulia ukoo mzima, na alipofumbua macho imebaki stuli. Mwenye meza aliichukua stuli hiyo hivyo hivyo, akaenda nayo akiimba.

Wakarima naye alikuwa mjane wa Naftaly, na Naftaly alikuwa mtu wa miti. Wakati wenzake pale Kawangware walipopanda vyumba vya mabati, yeye alipanda mikaratusi, na mitarakwa aliyoachiwa na baba yake hakuigusa. Walimcheka. Miti haikujali, ilikua tu. Ilikua mpaka mwewe aliyejenga kiota juu yake alipotaka kushuka kuiba kifaranga ilimbidi apumzike njiani, na akifika chini kifaranga keshakuwa jogoo. Siku Naftaly alipofariki, Khamala alitengeneza jeneza lake kwa mtarakwa wa pale pale, kisha akatembea kwa miguu hadi Kibera, Kambi Muru, kuwaita waimbaji watu wa kwao.

Waliongozwa na mwanamke Mmaragoli aitwaye Mideva, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuweza kuusimamisha mkokoteni. Wanawake wake waliimba kwenye matanga ya Naftaly namna ambayo hata jogoo aliyekuwa amefungwa miguu kwa ajili ya mchuzi wa wageni alisamehewa, akafunguliwa. Wakarima alilia siku hiyo, akalia vizuri, na walipoondoka akasema polepole, kama anayejisemea, kwamba angependa kuwasikia tena siku ambayo hakuna aliyekufa. Khamala alikuwa akikusanya misumari yake karibu naye. Neno hilo aliliokota pamoja na misumari, akaenda nalo.

Basi mwaka ule wa sabini na tatu, mwaka jua lilipopatwa mchana, kuku wa Kawangware wakalala, wakaamka, wakataga mara ya pili, Khamala aliomba moto asubuhi moja na hakuupuliza. Wakarima akamuuliza kulikoni. Akasema ni watu wa Kambi Muru. Bibi mwenye nyumba waliyopanga kule alikuwa anamuoza mwanawe na alihitaji vyumba vyake, ni haki yake, hakuna ugomvi. Lakini sasa Mideva na waimbaji wake, na mzee mpiga litungu, kinubi cha kwao, na Kavoi, mchongaji kutoka Wamunyu aliyepanga nao, watatawanyika kila mtu na njia yake, na ngoma haipigwi na mtu aliyetawanyika.

Wakarima alitazama nje, kwenye miti, mpaka chai ikafurika.

Alisema waje wajenge pale. Uwanja upo, miti ipo. Lakini asisikie mtu amekata msitu wa Naftaly kama anayenyoa kichwa. Akate ile iliyosongana, inayonyimana jua, na kila unapoanguka mti mmoja ipandwe miwili. Na chumba kimoja cha pembeni kiwe chake yeye, ili awasikie wakiimba akiwa ameketi kwake.

Khamala alirudi chumbani, akakaa mbele ya jiko lisilowashwa. Makaa yalikuwa yamezima kwenye kigae, na mara hii yalizima kweli.

Habari hizo hazikumfurahisha Chege. Chege alikuwa mdogo wake Naftaly, jirani wa ua kwa ua, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mbuzi na vyumba vya kupangisha, na kwa miaka mingi alikuwa ameuona kwa macho ya moyo mstari mrefu wa vyumba vya mabati ukipita pale penye miti ya kaka yake. Hakumtukana shemeji yake. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, akazungumza kwa heshima. Alisema nyumba kwenye ardhi yao hujengwa kama Wagikuyu walivyojenga tangu zamani: inaanza asubuhi, na kabla jua halijatua moto uwe unawaka ndani. Nyumba ikilala bila moto, wale wasiotajwa majina hutangulia kulala humo, na hapo hapafai tena mtu. Wageni hao wakiijenga hivyo, yeye atanyamaza. Wakishindwa, atakata miti iliyobaki, ajenge vyumba.

Wazee walitikisa vichwa kukubali, maana mila ilikuwa ya kweli, hakuwa ameibuni. Na Wakarima, ambaye hakupenda kuonekana akiogopa mbele ya watu wa mumewe, akasema sawa.

Kesho yake Wakarima alichota makaa, akayazuia kwenye koleo.

"Fundi," alisema, "nimeiweka miti ya Naftaly kwenye ulimi wangu. Itawezekana?"

"Itawezekana, Mama Gathoni."

Hakuwa na habari hata kidogo itawezekanaje. Nyumba aliyoitaka Mideva haikuwa banda la mbuzi. Alitaka ukumbi mkubwa katikati, wa kuimbia na kuchezea, na vyumba vya kulala vikiuzunguka, na baraza pana ya kufanyia kazi mvua ikinyesha, ambapo jirani yeyote anaweza kuketi bila kuulizwa anataka nini. Alitaka na sakafu ya mbao. Udongo, alisema, hata uukanyage vipi, unameza tu. Yeye alitaka sakafu inayojibu. Kavoi naye alitaka mlango mpana wa kupitisha ndovu, kwa sababu alikuwa na mpango wa kuchonga ndovu, ingawa tangu aanze kusema hivyo ndovu huyo alikuwa hajafika hata mkia.

Na Mideva aliomba jambo moja la mwisho, kwa sauti ya chini isiyo yake. "Nyumba zote tulizokaa zimetuacha, Baba. Tujengee itakayokubali kwenda nasi."

Khamala alizunguka miti ile siku nyingi, akiigonga kwa ngumi na kuisikiliza, watu wakadhani keshapagawa. Kisha akapata. Mila ilisema nyumba ianze asubuhi. Ya mbao haikuyataja. Aliwauliza wazee kama mti ukilala chini tayari umechongwa ni nyumba au ni mti. Wazee walishauriana, wakanusa ugoro, wakasema ni mti.

Hapo kazi ikaanza. Mikaratusi iliyosongana iliangushwa mmoja mmoja, ikapasuliwa, ikapangwa chini ya kivuli ikauke taratibu, maana mkaratusi ukiuharakisha hujikunja kama mtu aliyekula ndimu. Mitarakwa michache iliyozeeka ilitoa nguzo, kwa kuwa mchwa akiuma mtarakwa hutema mate na kwenda zake, na vipande vyake vilipasuliwa vigae vya paa. Maganda na mabanzi yaliwekwa kwa ajili ya kuta za ndani, na maranda yakaenda kwenye mafiga ya majirani, kwa hiyo mwaka ule Kawangware nzima ilinukia kama sanduku la nguo. Wakarima alikuwa akiotesha miche kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Kila mti ulipoanguka alikuja na makopo mawili, akachimba, akapanda, akausemesha kidogo ule ulioanguka.

Msumari haukutumika hata mmoja. Kila boriti Khamala aliichonga ulimi, kila nguzo akaitoboa tundu, na ulimi ukishaingia tunduni unafungwa kwa kigingi cha mti mgumu. Ukitaka nyumba ihame, unagonga vigingi vitoke, unaipakia. Msimu mzima nyumba ililala chini ya miti vipande vipande kama mnyama aliyechinjwa, na shida ikawa moja: nani atakumbuka kipande gani kinaingia wapi? Khamala hakusoma. Watu watakaokuja kusaidia, wengi wao hawakusoma.

Ndipo Kavoi alipojipa kazi. Kwenye kila kiungo alichonga mnyama, nusu kwenye nguzo, nusu kwenye boriti. Kichwa cha twiga huku, shingo kule. Kobe akitenganishwa na gamba lake. Atakayejenga kazi yake ni kumtafutia kila mnyama mwili wake, na mnyama akiwa mzima kiungo kimefunga.

"Mzee," Kavoi alimwambia Khamala akipuliza vumbi la patasi, "nyumba yako ina wanyama wengi kuliko ile mbuga ya kule Athi. Hakikisha tu chui halali na mbuzi, tutakosa boriti."

Siku ya kujenga walikuja watu ambao hata hawakualikwa. Kibera walikuja wa Kambi Muru na wa Makina, akina mama wa kanzu na ushungi wakibeba sufuria za wali. Akina mama wa Kawangware walileta mukimo na githeri. Watu wa magharibi walikuja na kuku na ubishi wao. Chege alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa chini ya mti akitazama jua. Mawe ya msingi yalikuwa yamepangwa ili nguzo zisikanyage udongo, na jua lilipochungulia Khamala akapiga nyundo ya mti mara moja, watu wakainua.

Nyumba ilisimama kama inayoamka. Wanawake walibeba boriti wakiimba, wanaume wakapanda, na pande zote zikasikika kelele za ajabu: nani ana makalio ya kiboko, leteni kichwa cha kanga, jamani pundamilia amekaa kinyume. Mzee mpiga litungu alipiga nyuzi zake bila kupumzika. Wapo wanaoapa kwamba nguzo za upande wake zilijipeleka zenyewe kwenye mawe. Kufikia wakati wa kula ukumbi ulikuwa na mbavu, na Khamala alikula ugali wake wima, jicho moja likiwa kwenye viungo na jicho la pili kwenye jikoni ya Wakarima.

Mchana ndipo mambo yalipokwama. Upande mmoja wa ukumbi ulikataa kukaa. Uliinama kama mlevi, na watu walivyousukuma ndivyo ulivyoinama. Kumbe Kavoi, ambaye aliweza kuchonga kila kiumbe mpaka unaogopa, alikuwa na udhaifu mmoja ambao hakuna aliyeujua: mbuzi wake alifanana na paa wa porini. Kichwa cha mbuzi kilikuwa kimepachikwa kwenye mwili wa paa na cha paa kwenye mwili wa mbuzi. Wakaanza kubishana. Huyu ni mbuzi. Huyo ni paa, tazama miguu. Kavoi mwenyewe akaulizwa, akatazama, akakuna kichwa, akasema siku ile alikuwa na homa. Jua halikubishana na mtu, lilikuwa linaondoka zake.

Chege alivumilia kwenye kiti chake kadiri mtu wa mbuzi anavyoweza kuvumilia. Alifunga macho. Aligeuza kiti. Mwishowe aliinuka, akapita katikati ya watu, akaweka kidole juu ya mbao.

"Huyu ni mbuzi," alisema kwa hasira. "Ona ndevu. Nyinyi mmelelewa na nani?"

Vichwa vikabadilishwa, ukumbi ukanyooka, na Chege alikuwa amesharudi kwenye kiti chake kabla hajatambua alichokifanya. Mideva alimpelekea bakuli la wali. Alilipokea bila kumtazama.

Jua lilipokalia milima ya Ngong, vigae vya mwisho vya mtarakwa vilikuwa vinapanda. Chini, mafiga matatu yalikuwa yamepangwa katikati ya ukumbi, mahali pa mawe palipoachwa bila sakafu, na Wakarima alikuwa amesimama mlangoni na makaa kutoka jikoni kwake, maana moto wa nyumba mpya hutoka kwenye nyumba ya zamani. Alikuwa ameyabeba juu ya kigae kile kile cha Khamala. Alingoja paa lifunge.

Khamala alikuwa peke yake juu, ameukalia mgongo wa paa. Aliweka kigae cha mwisho, akakigonga. Upepo ulikuwa mtamu. Toka atoke kwao hakuwahi kujenga nyumba, amejenga vitanda tu vya kuingia kwenye nyumba za watu. Mara ya mwisho alipokaa juu ya paa alikuwa kijana na baba yake yuko chini akimwelekeza, na nyumba zote za baba yake zilimalizika kwa njia moja. Mkono wake ukaokota kipande cha mtarakwa kilichobaki, ukakichonga ncha, ukakisimamisha pale kileleni, ukakigonga mpaka kikashika. Ulifanya mkono. Kichwa kilikuwa Kimilili.

Vigelegele vilipasuka chini hata mwewe akaacha kiota.

Mideva alikuwa amekiona kijiti. Wanawake wake walikuwa wamekiona. Alikwenda mbio mpaka kwa Wakarima, akamshika bega, akamwita *mulamwa*. Wakarima akamuuliza mulamwa ni nini.

"Ni shemeji," Mideva alisema. "Kwetu kijiti kile kinasema nyumba hii ina mwanamume wake, na yu hai. Nyumba ni yako. Aliyekisimamisha ni ndugu yetu. Sasa nikuite nani?"

Watu wa Kawangware waliangalia juu. Watu wa Kibera walimwangalia Wakarima. Khamala, aliyesikia kila neno, aliangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu aliyeketi nyuma yake.

Chege alisimama, na kiti kikajikunja chenyewe. Alisema ardhi hii ni ya kaka yake, na mtu hajitangazi mume wa nyumba ya marehemu kutoka juu ya paa. Kijiti kitoke. Kisipotoka, moto hauwashwi. Wazee waliokuja kushuhudia walitazamana, kisha wakatazama Ngong, ambako jua lilikuwa limebaki ukosi tu.

Khamala alikishika kijiti. Alijua kitu ambacho watu wa Kawangware hawakukijua: kijiti hicho huwekwa mara moja na hutolewa mara moja, siku mwenyewe anapochukuliwa kwenda kuzikwa. Akiking'oa, kwa watu wake wote walio pale chini Khamala amekufa, na maiti haiji kubisha hodi asubuhi na kigae. Alitazama miche ya Wakarima kwenye makopo yake. Alitazama mikaratusi mikubwa, jinsi ilivyosimama kumzunguka kama inayongoja kuitwa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye ulimi wa mama huyo. Kijiti kimoja na mzee mmoja si kitu mbele ya hiyo. Akaanza kukitikisa kitoke.

Vigelegele vilikatika. Mideva aliinamisha kichwa, na wanawake wake wakaanza, taratibu, kwa sauti za chini, wimbo wanaoimba mtu anapotolewa nyumbani kwake. Khamala akausikia wimbo wa mazishi yake akiwa amekaa juu ya paa, hai, na nyundo mapajani. Waliimba vizuri. Hilo alilikubali.

"Mbona mnalia?" Wakarima aliuliza.

"Kijiti hutolewa mwenyewe akifa, mama," Mideva alisema. "Anajitoa ili moto wako uwake."

Wakarima alisimama na makaa yake. Yalikuwa yameanza kuvaa majivu. Aliyapuliza, yakafumbua jicho jekundu, na alipoinua uso hakuita fundi.

"Khamala."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mkono ulioshika kijiti uliganda.

"Naam, Mama Gathoni."

"Toa mkono wako hapo. Nimezika mume mmoja. Sina haraka ya kumzika mwingine kabla hajanywa chai." Aligeuka kuingia, kisha akakumbuka jambo. "Na hicho kiberiti unachotembea nacho mfukoni miaka yote hii, kakipe jirani asiye na moto. Nyumba hii ina moto mmoja."

Kuhusu Khamala alivyoshuka wapo wanaosema alitumia ngazi. Wengine, na hawa ndio wa kuaminika, wanasema alitembea hewani mpaka chini kama anayeshuka mlimani, na alipofika hakujua aweke wapi miguu. Wakarima alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza. Khamala alipiga magoti upande wa pili, akapuliza naye, na moto ukashika maranda kwa mlio wa kitambaa kinachopasuka.

Nje moshi ulipenya kati ya vigae, ukaizunguka ile ncha ya kileleni, ukapanda katikati ya mikaratusi wakati Ngong bado ina wekundu. Watu wote walimgeukia Chege. Chege alitazama moshi. Alitazama jua. Alitazama yule mnyama aliyemtambua yeye mwenyewe mchana, sasa mzima, kichwa na mwili, amebeba ukumbi mzima mgongoni.

"Mbuzi," alisema.

Walidhani ugomvi wa mchana unarudi. Kavoi akaanza kujificha nyuma ya nguzo.

"Mbuzi wa kweli nitawataka," Chege alisema. "Mwambieni huyo fundi. Mtu haolewi kwetu bure, hata awe mjane. Na wawe na ndevu zinazoonekana."

Hapo Mideva alipanda sakafuni kwa mguu mmoja, kuijaribu. Ilijibu. Akapanda na wa pili, na wanawake wake wakamfuata, na jibu lililotoka lilisikika hadi Kibera, ambako wagonjwa waliinuka kuuliza ngoma ya nani.

Nyumba ile ilikaa na watu wake. Wachongaji walikuja wakakaa, wakaondoka, wengine wakaja. Waimbaji walizeekea humo. Ndovu wa Kavoi alianza, akaota mkia, na baada ya miaka akapita mlangoni bila kugusa. Mara moja, mizizi ilipoanza kuinua mawe ya upande mmoja, Khamala aligonga vigingi, wakaibeba nyumba, wakaisogeza, wakaifunga tena kati ya asubuhi na jioni, twiga kwa twiga, kobe kwa kobe, na jikoni chai haikupoa. Miche ya makopo ikawa miti yenye kivuli cha kukaa chini yake. Kijiti hakikuguswa na mtu.

Lakini asubuhi inayosimuliwa zaidi ni ile ya kwanza baada ya mchungaji kuwafungisha ndoa, mbuzi wakiwa wameshafika kwa Chege na kukaguliwa ndevu. Khamala aliamka mapema katika chumba cha pembeni. Miguu ikamtoa kitandani, mkono ukachukua kigae cha chungu, akatoka nje kwenye umande. Alizunguka baraza, akapita chini ya mitarakwa, akavuka uwanja, na mlango wa jikoni ya zamani ya Wakarima akaukuta umefungwa, nyumba haina mtu. Alisimama hapo kidogo na kigae chake. Kisha akaendelea kuzunguka, maana mtu lazima apate moto, mpaka akafika kwenye mlango alikotoka.

Akabisha hodi.

"Umezimikiwa tena?" sauti ya Wakarima ikauliza kutoka ndani, na chai ilishaanza kunukia.

"Umezima wenyewe," Khamala akajibu, akaingia.